Pole Aliyojipa Mama

Kwetu Matogoro mvua za kwanza zilikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ni ya udongo, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ilikuja siku chache baadaye, majani makavu ya miombo yakishalowa na kuanza kuoza chini ya milima, nayo ilikuwa harufu ya uyoga: nzito, ya baridi, inayokaa puani mpaka unatamani kuitafuna. Jioni uyoga ule ulikaangwa kwa kitunguu, ukatiwa karanga za kutwanga, na moshi wa kila jiko ukawa mwaliko. Jamani, kama hujawahi kula uyoga wa karanga na ugali wa moto huku mvua ikipiga bati, umeishi, sikatai, lakini umeishi nusu. Sisi watoto tulikuwa tunaulizana njiani, "Kwenu umeshaota?" na aliyejibu bado alionewa huruma kama mgonjwa.

Mama yangu alikuwa na jicho la uyoga. Hilo lilikuwa linajulikana mtaa mzima, na wanawake walipenda kumfuata nyuma akiingia porini, ingawa wenyewe walisema wanakwenda kutafuta kuni. Wakati huo nilikuwa darasa la tano, na mdogo wangu Fide alikuwa hajaanza shule. Baba alilima tumbaku Namtumbo, na msimu wa mvua ulikuwa msimu wa kumsikia zaidi kuliko kumwona, kwa hiyo nyumba yetu ilisimama juu ya mabega ya mama. Likizo ya Desemba ilipofika alinichukua mimi pamoja naye. Tulipofika ukingoni mwa pori alivua kandambili, akazitia kwenye kikapu, akasimama kimya. Hakutafuta, hakuinama, alisimama tu, na mimi nikawa nahangaika nyuma yake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilipomuuliza tunangoja nini, alisema, "Tunangoja macho yafike. Miguu imefika, lakini macho bado yako nyumbani yanafikiria sufuria." Basi nilisimama. Nilisikia maji yakidondoka kutoka jani hadi jani, nikasikia ndege mmoja, halafu wa pili, nikahisi baridi ya udongo kwenye nyayo. Na ghafla pale pale miguuni pangu, mahali nilipokuwa nimekwisha kupaangalia mara nyingi, nikauona uyoga wa manjano umejikunja chini ya jani, na wa pili, na ukoo mzima. Nilipiga kelele kwa furaha. Mama alicheka akaniambia ninyamaze, nisije nikawaita majirani.

Kulikuwa na utaratibu ambao mama hakuuvunja. Uyoga hukuuvunja shina. Uliuchimbua kwa kidole, ukautoa na mguu wake wote, udongo ukiwa umeushika, kwa sababu mguu ndio unaousema uyoga. Juu uyoga unaweza kufanana kama mapacha, mmoja mboga na mwingine sumu, lakini chini, ndani ya udongo, ule mbaya ulikuwa na mguu uliovimba kama kitunguu. (Msichukue maneno yangu mkaingia nayo porini, tafadhali. Mimi nasimulia, sifundishi.) Tukifika nyumbani kikapu kilimwagwa kwenye ungo, na mama aligeuza uyoga mmoja mmoja, akiangalia mguu, kabla haujakaribia sufuria. Ubaya wa utaratibu huo ni mmoja: udongo. Hata uoshe vipi, udongo ulioingia kwenye mikunjo ya uyoga hautoki wote, na mara mojamoja jino linakutana na mchanga. Sisi tulikuwa tumezoea. Aliyekuwa hajazoea ni bibi yangu mzaa baba, ambaye msimu ule alikuja kutoka Maposeni kukaa nasi.

Bibi alikuwa mwanamke wa ulimi. Alikuwa na wema wake, lakini wema huo alikuwa anautoa kwa mikono, si kwa mdomo. Atakubebea kuni huku anakutukana. Siku ya kwanza aliyokula uyoga wa mama alitafuna, akakoma, akatoa punje ya mchanga kwenye ncha ya ulimi na kuiweka pembeni mwa sahani, taratibu, kila mtu aione. "Mama Skola," alisema, "kwetu tunalima mchanga, hatuuli." Mimi ndiye Skola, Skolastika, na mama aliitwa kwa jina langu tangu nilipozaliwa. Mama aliinamisha kichwa akasema, "Nisamehe, mama." Siku ya pili ikawa hivyohivyo, punje na neno. Ukiwa mkwe wa mtu, mchanga kwenye mboga si jambo dogo. Ni habari itakayosafiri mpaka Maposeni na kurudi. Niliona mama anaosha uyoga maji ya tatu na ya nne, mpaka ukawa hauna ladha, na bado punje moja ilibaki, kama vile ilikuwa imetumwa.

Ndipo siku moja asubuhi, wingu jeusi likiwa limekaa juu ya milima, tuliingia porini mimi na mama, naye hakuvua kandambili wala hakusimama kungoja chochote. Alipita haraka, midomo yake ikitembea, najua alikuwa anajibizana na bibi kichwani maana ndivyo tunavyofanya wote, na uyoga aliuvunja juu ya udongo, kah! kah! kama mtu anayechuma mchicha. Ulikuwa mweupe, msafi, unang'aa. Nilimwona anavunja na sikusema kitu, nilidhani ni ufundi mpya. Mvua ilitukimbiza mpaka nyumbani, jiko likawashwa kwa taabu, ungo ukabaki umetundikwa ukutani kwa sababu hakukuwa na miguu ya kuangalia. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Waliotunga methali hiyo sidhani kama walikuwa wanapikia mama mkwe.

Bibi alikula akamaliza sahani bila kutoa punje hata moja, akasema, "Leo umepika." Uso wa mama ulichanua! Fide aliongezwa mara mbili kwa sababu ya furaha ile. Mimi na mama tulikula mwisho, tukafuta sufuria kwa ugali. Mvua ilikuwa haijakatika Fide alipoanza kushika tumbo. Alitapika, akatapika tena, jasho likamtoka kama amemwagiwa maji, na alipojaribu kusimama miguu ilimkataa. Bibi naye alikuwa anatapika nyuma ya nyumba, na mimi tumbo lilikuwa linanisokota. Mama alifungua sufuria, akachukua kipande kilichobaki, akakiangalia, na nikaona anaelewa. Alimfunga Fide mgongoni akatoka kwenye mvua akipiga mayowe. Jirani yetu Mama Zuhura, Myao wa Tunduru aliyehamia mtaani kwetu na mumewe fundi baiskeli, alisimamisha pikapu ya watu wa mbao, na tukapakiwa nyuma wote wanne, juu ya maranda, hadi hospitali.

Hatukufa. Naliweka wazi mapema kwa sababu sipendi kumtesa mtu. Mimi na mama tuliruhusiwa haraka, bibi kesho yake, na Fide alikaa mpaka daktari aliporidhika, akarudi amekonda, macho makubwa, anadai mandazi. Baba alikuja kutoka Namtumbo, akamnyanyua Fide juu, akamshusha, akasema Mungu amesaidia, na kwake hayo yakaisha. Aliyekuwa bado hajarudi kutoka hospitali ni mama. Mwili wake ulikuwa nyumbani, unafagia, unapika, unafua, lakini mwenyewe hakuwepo. Alimwaga maharage yote jalalani kwa sababu ameona moja lina doa. Alimwamsha Fide usingizini kumuuliza kama anaumwa. Alitupakulia chakula halafu akakaa mlangoni, yeye hali, anatuangalia midomo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo ningelielewa hata utotoni. Nisilolielewa ni maneno. Alijisemesha akiosha vyombo, kwa sauti ya chini lakini kali, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu yeyote, hata kwa mbwa: mjinga wewe, muuaji wewe, ungemzika mtoto kwa ajili ya sifa. Nililala upande wa pili wa ukuta wa matofali mabichi nikasikia, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye pikapu. Fide alikuwa amepona. Mimi nilimtaka mama yangu, yule wa kucheka porini, na sikujua anatibiwa hospitali gani.

Watu walijaribu. Wanawake wa jumuiya walikuja wakasali, wakasema ajali haina kinga, kuteleza si kuanguka, yaliyopita si ndwele. Methali zote nzuri, nazo zilimpita kama maji juu ya jani la gimbi. Bibi naye hakurudi Maposeni. Alikaa, akachota maji, akachanja kuni kwa mikono yake, na ulimi wake kwa mara ya kwanza ulikosa kazi. Sasa hivi naelewa alikuwa anabeba mzigo wake mwenyewe. Msimu ulikuwa unakwenda. Uyoga uliota chini ya milima ukaoza bila mtu wetu kuugusa, na wenzangu waliponiuliza kama kwetu tumekula, nilisema hatupendi.

Kilichobadilisha mambo kilitokea uani kwetu, mchana, na kilimhusu Mama Zuhura. Alikuja mbio, kanga imefunguka, analia kwa sauti. Alikuwa ameacha sufuria ya uji pembeni mwa figa, akageuka kuchukua sukari, na Zuhura mdogo alitia mkono. Mtoto alikuwa amekwisha kupelekwa zahanati na baba yake, mkono umefungwa, dawa imepakwa, anakunywa soda. Lakini mama yake hakuweza kukaa naye. "Mimi si mama," alilia, "mimi ni mnyama. Wallahi ni mnyama. Mama gani anaunguza mwanawe?" Na mama yangu, yule aliyekuwa hayupo, aliacha alichokuwa anafanya. Alimkalisha kwenye kigoda, akamshika mabega, akampangusa kamasi kwa kanga yake mwenyewe kama mtoto. "Pole," alimwambia. "Pole, mwenzangu, pole sana. Umeumia. Kaa kwanza, vuta pumzi. Anayeunguza ni mkono unaopika. Asiyepika hamuunguzi mtu. Mtoto yuko hai, na wewe ni mama yake, na kesho sufuria utaiweka mbali. Pole." Alirudia pole hiyo mara nyingi, polepole, mpaka kilio kikawa kwikwi na kwikwi ikawa pumzi.

Mama Zuhura alipoondoka nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilicholala, na maneno yakanitoka kabla sijayapima. Nilisema, "Mama, mbona wewe hukujiambia hivyo?" Aligeuka. Nilijua nimekwisha, maana kwetu mtoto hakumhoji mtu mzima. Alinitazama, kisha akasema, "Nenda kachote maji." Nilichukua ndoo nikakimbia nikishukuru kwamba sikupigwa. Niliporudi alikuwa amekaa kizingitini mwa mlango, amevua kandambili, nyayo zake ziko kwenye udongo, kiganja kimelala kifuani. Alikuwa anasema na mtu. Nilitua ndoo taratibu nikasikiliza. "Pole, Agata," alikuwa anasema. "Pole. Uliogopa. Ulitaka kupendwa. Pole, Agata." Sikuwahi kusikia mtu anamwita mama jina hilo. Baba alimwita Mama Skola, bibi hivyohivyo, mtaa hivyohivyo. Agata alikuwa ameachwa kwenye nyumba ya babu yangu siku ya harusi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, na uso wake, niamini, ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeshusha mtungi kichwani. Mimi nami nililia palepale nilipokuwa nimesimama, nikaipiga ndoo kumbo, nikamwaga nusu ya maji.

Hakupona siku ileile, sitaki kudanganya. Lakini tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alikaa kizingitini kidogo, miguu chini, mkono kifuani. Tukimuuliza anafanya nini, alisema anangoja afike. Siku nyingine alifika haraka akaamka anaimba; siku nyingine nilisikia mjinga wewe likianza, likakatizwa katikati, kimya, halafu pole. Alianza kula nasi. Aliacha kumwamsha Fide. Na mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha, alishusha kikapu akaniambia twende. Ukingoni mwa pori alisimama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani amebadili nia. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Akaivumilia, hakuifokea, akaiacha itetemeke mpaka ikatulia yenyewe, kisha akainama, akachimbua uyoga mmoja kwa kidole na mguu wake wote. Tulirudi na uyoga kidogo tu, tukaumwaga kwenye ungo, na kila mmoja uligeuzwa na mama, halafu Mama Zuhura akaitwa augeuze tena, kwa sababu mama alisema kujisamehe siyo kujiachia.

Siku hiyo tulikula kimya. Fide alikuwa wa kwanza kupeleka tonge mdomoni, watoto hawana kumbukumbu ya tumbo. Mama alichukua lake, akalishika, akala. Halafu bibi akatafuna, na sote tukasikia, kila mmoja wetu, sauti ya mchanga chini ya jino. Mkono wa mama ulisimama hewani. Bibi hakutoa ulimi wala hakutafuta pembe ya sahani. Alitafuna mchanga ule, akaumeza, akasukuma sahani mbele. "Ongeza," alisema. Mama alimwongeza. Bibi akainamia chakula, akasema kwa sauti ya chini, bila kumwangalia mtu yeyote, "Kosa lilianza mdomoni mwangu, Mama Skola." Kwa mwanamke wa ulimi ule, hiyo ilikuwa hotuba nzima. Mama alianza kucheka, cheko la porini lile, bibi akamfuata, na Fide akacheka bila kujua kwa nini.

Sasa mimi ni mwalimu, nakaa Bombambili, mjini, na mtu wa Bombambili hana muda wa kungoja macho yafike. Asubuhi naruka kwenye bodaboda huku natafuna kiporo, simu inalia mfukoni, na nikishuka siwezi kukuambia njiani nimeona nini. Matogoro nako nyumba za bati zimepanda mpaka pale tulipokuwa tunavua kandambili. Uyoga unafuatwa mbali zaidi, na mjini unauzwa kwenye bakuli za plastiki, umeshakatwa miguu, nami sinunui. Mama yuko hai, amezeeka vizuri, na bado ananicheka ninavyokimbia. Mwaka juzi tuliitwa walimu kwenye semina ya afya ya akili. Mwezeshaji alitwambia tufumbe macho, tuvute pumzi, tuweke mkono kifuani, tujisemeshe kwa huruma kama tunavyomsemesha rafiki. Wenzangu walikohoakohoa wakibana kicheko, na mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama haya mambo si ya Wazungu. Nilikuwa nimefumba macho na nilikuwa najitahidi nisilie mbele ya mkuu wangu wa shule. Watu wengi tunaishi mjini tukipeana pole kutwa nzima, pole na kazi, pole na safari, pole na mvua, tunaigawa hata kwa tusiowajua, na jioni tukifunga mlango tunabaki na matusi ya kujitukana.

Kujua si kutenda, na mimi ni mtoto wa Mama Skola kwa pande zote mbili, wa matusi na wa pole. Msimu huu wa mvua kikao cha shule kilirefuka, simu ikaisha chaji, na nilimsahau mwanangu Neema shuleni kwake. Ana miaka saba. Wenzake wote walikwisha kuchukuliwa, mvua inanyesha, na nilipofika nilimkuta amekaa na mlinzi, begi limelowa, haongei. Njia nzima juu ya pikipiki nilijitukana kwa maneno ambayo nisingemwambia adui. Nyumbani nilimvua nguo, nikamkausha, nikamwomba msamaha nikimtazama machoni, nikampa chai ya moto. Kisha nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikavua viatu, nikaweka kiganja kifuani. Ilikuwa kazi, maana matusi yalikuwa yamepanga foleni. Nikasema, "Pole, Skola. Pole." Neema aliinua uso kutoka kwenye kikombe.

"Unampa nani pole?"

"Mama yako," nilimwambia. "Leo amekosea, na ameumia."

Alinywa funda moja, akalifikiria jambo hilo kwa makini.

"Mwambie na mimi nampa pole," akasema. "Lakini kesho awahi."